"Vumilia" Si Tarehe ya Operesheni

Wasee, leo hakuna vichekesho. Mtu akifanyiwa operesheni ya kwanza ya saratani ya ngozi usoni, halafu ya pili iahirishwe, watu humwambia nini? "Vumilia." Mimi naona hilo neno tunalitumia vibaya. Kuvumilia ni sawa kama unajua unangoja mpaka lini. Bila tarehe, hapo umeachwa tu.

Tata yangu, dada ya mamangu, anaishi Ruiru na anauza nguo Thika. Ana ualbino. Alitolewa kidonda kando ya pua, ripoti ya maabara ikarudi ikisema kwenye kingo za nyama iliyokatwa bado kuna seli za saratani. Maana yake lazima akatwe tena. Tarehe imesongeshwa mara tatu. Na kwa sababu anatembea, anapika na kupanda mat, watu wanadhani anangojea kurembeshwa. Urembo gani? Pale kuna jicho, pua na mdomo. Saratani ikisonga kidogo tu, operesheni ndogo inageuka ya kuunda pua upya.

Mtaniambia madaktari ni wachache. Ni kweli. Madaktari wa kaunti ya Kiambu waligoma kutoka Mei 2025 mpaka Oktoba, karibu miezi mitano, na walikuwa na malalamiko yao. Simlaumu daktari. Swali langu ni moja: mgomo ukiisha, nani anawapigia simu wale tarehe zao zilipita? Ukiwa na deni la Fuliza, SMS hukufikia hata usiku. Mgonjwa wa saratani ndiye anakosa SMS moja ya kumwambia njoo Jumanne?

Halafu kuna pesa. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilikuwa sh550,000 kwa mwaka, na si kwa mtu mmoja, ni kwa familia nzima. Kidonda kikikua, matibabu yanakuwa makubwa na hiyo pesa inaisha haraka. Kwa hivyo hata serikali inapata hasara ikichelewa.

Mimi niliacha chuo, siwezi kuwafundisha udaktari. Lakini haya ndiyo tunafanya nyumbani. Tunaweka nakala ya ripoti ya maabara, haikai hospitali peke yake. Kila Jumapili tunapiga picha ya kovu, mahali pamoja, mwanga uleule, rula kando. Kukitokea damu, uvimbe shingoni ama chini ya taya, au kidonda kipya, hatungoji tarehe, tunarudi hapo hapo na hizo picha. Tarehe ikisongeshwa, tunauliza jina la anayepanga orodha na tunaomba barua ya rufaa, maana KUTRRH iko hapa tu karibu na Ruiru. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua ni kila siku. Dawa ya kupaka ya jirani, hapana, asante.

Na wewe unayemjua mtu kama tata, usimwambie avumilie. Muulize, "Tarehe yako ni lini, na nani atakusindikiza?" Kama hana tarehe, nenda naye mkaiulize. Kwa dirisha la hospitali, watu wawili husikizwa kuliko mmoja. Hiyo si haki, lakini kwa sasa ndiyo iko.