Mchezo wa Zau unasema Kiswahili, lakini kuukosoa si usaliti

LIKASI, Haut-Katanga – Tarehe 23 Aprili 2024 ulitoka mchezo wa video ambao mchezaji anaweza kuusikiliza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Unaitwa Tales of Kenzera: Zau. Aliyeubuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wapenzi wa michezo walikuwa wanamjua tangu 2017 kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins. Tangu siku ile, kila mchezo huu unapotajwa, watu wanagawanyika makundi mawili. Moja linasema ni wa Waafrika, kwa hiyo usiguswe. Lingine linasema ni wa Waafrika, kwa hiyo haufai. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: hayajauangalia mchezo wenyewe.

Kwa msikilizaji ambaye hajauona, habari ni hii. Kijana Zuberi amefiwa na baba. Baba amemwachia kitabu, na ndani ya kitabu kuna Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, anamwomba mapatano: nirudishie baba yangu, nami nitakuletea roho tatu kubwa zilizokukimbia. Safari inaanza hapo. Zau anaruka magenge, anapita mapango, anapigana. Ana barakoa mbili: ya jua kwa kupiga karibu kwa moto, ya mwezi kwa kupiga kutoka mbali. Abubakar Salim alieleza wazi kwamba hadithi hii ilitokana na kifo cha baba yake mwenyewe.

Wakosoaji wengi walisifu hadithi, rangi, sauti na muziki wa Nainita Desai. Halafu wakasema palipo na kasoro. Mapigano yanajirudia. Aina za maadui ni chache. Mara kwa mara mchezaji anafungiwa katika uwanja mdogo, anawapiga wote waliomo, mlango unafunguka, na mbele kidogo anafungiwa tena. Kuna sehemu ambapo kosa moja la kuruka linamuua mara moja na kumrudisha nyuma. Tena mchezo ni mfupi, wa saa chache tu ukilinganisha na wenzake wa aina hiyo.

Maneno hayo si matusi, ni kweli. Na kasoro kubwa kuliko zote iko pale hadithi na upanga vinapoachana. Zau anazungumza na Kalunga juu ya baba yake, maneno yanamgusa msikilizaji, anataka kukaa kimya kidogo. Dakika chache baadaye anakata maadui walewale aliowakata saa iliyopita. Msiba umegeuka kuwa kazi ya zamu. Mtu anayesema hivyo hajamchukia Abubakar Salim. Amemsikiliza vizuri hadi akatamani mikono ya mchezo iseme neno lilelile linalosemwa na kinywa chake.

Hapa ndipo watetezi wa kundi la kwanza wanapokasirika. Wanauliza: kwa nini kuvunja kitu cha kwetu? Jibu liko jikoni kwa kila mama wa Panda. Bukari ikiwa mbichi, haiivi kwa sababu mpishi ni shangazi. Watoto watakula kwa heshima, lakini tumbo litasema. Shangazi asiyeambiwa atapika vilevile kesho, na mgeni atakayekuja hatarudi. Kuna dharau iliyojificha ndani ya sifa za bure. Anayemsifu mtu bila kumpima amekwisha kuamua moyoni kwamba huyo hawezi zaidi.

Wengine wataleta tuzo. Ni kweli, Aprili 2025 mchezo huu ulipata tuzo ya BAFTA kule Uingereza, katika kundi la michezo yenye maana zaidi ya burudani. Unastahili pongezi. Lakini soma vizuri jina la kundi hilo. Tuzo ile ilitolewa kwa maana ya mchezo. Haikusema kwamba mapigano yake yamenolewa.

Kundi la pili halistahili maneno mengi. Mwaka 2024 Abubakar Salim alilazimika kujitokeza hadharani kujibu matusi ya ubaguzi wa rangi yaliyokuwa yanaelekezwa kwake na kwa wenzake. Watu wale hawakuwa wakosoaji. Mkosoaji anataja pigo, anataja ukumbi, anataja muda. Mwenye chuki anataja ngozi. Ubaya wa ziada ni kwamba chuki hiyo iliwapa watetezi wa bure kisingizio cha kuziba kila mdomo: yeyote aliyesema mapigano yanachosha aliwekwa kapu moja na wabaguzi. Kwa namna hiyo ukosoaji wa haki ulipigwa kutoka pande mbili. Na sifa hazikulipa mishahara. Julai 2024 kampuni yake, Surgent Studios, ilipunguza wafanyakazi, na Oktoba mwaka uleule timu yote ya michezo ikaarifiwa kwamba kazi zao ziko hatarini.

Sasa swali kubwa zaidi: nani alikaa kwenye kiti cha hakimu? Wengi wa waliopima mchezo huu hawajui Kiswahili. Waliweza kusema kwamba sauti ni nzuri. Je, waliweza kusema kama Kiswahili chenyewe kinatembea sawasawa, kama baba anamwambia mtoto maneno ambayo baba angeyasema? Hilo linahitaji sikio la Mombasa, la Kigoma, la Lubumbashi na la Panda.

Chukua jina la Kalunga. Kwa Wakongo wa magharibi, Kalunga ni mpaka wa maji kati ya walio hai na waliokufa. Kwa Wachokwe jina hilo linaitwa pamoja na la Mungu. Jina lenyewe ni la ukanda huu. Impundulu, yule ndege wa radi anayepigana na Zau, ni wa Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini. Kuwachanganya katika nchi moja ya kubuni si kosa, lakini ni uamuzi, na uamuzi unaweza kupimwa. Mzee wa Panda ana la kusema hapo kuliko mwandishi wa London.

Na kuna matanga. Zau hakubali kukaa matanga, anataka kununua mauti. Likasi kuna familia zinazomwelewa bila tafsiri. Kuna waliofukuzwa hapa mwaka 1992 na 1993, wakasubiri treni kituoni siku nyingi, na kuzika wapendwa wao njiani. Kuna waliokimbia vijiji vya kaskazini mwa Katanga bila kujua kaburi la baba liko wapi. Watu hawa wakisema mchezo umeugusa msiba sawasawa, au umeukimbilia kwa upanga kabla ya wakati, hukumu yao ina uzito ambao nyota za magazeti hazina.

Lakini hawajaulizwa. Mchezo ulipotoka ulikuwa wa PlayStation 5, Xbox Series, Nintendo Switch na kompyuta. Haukuwa wa simu, na simu ndiyo mashine ya watu wengi hapa. Umeme nao unakuja na kuondoka. Wakati huohuo ardhi ya Katanga inatoa kobalti, na kobalti ni kiungo cha betri nyingi za lithiamu zinazobeba vifaa vya dunia. Madini yanapanda lori yakiwa ya hapa na kurudi yakiwa na bei ambayo mchimbaji hawezi kuilipa. Sasa hata hadithi yenye jina la Kalunga imepita njia hiyohiyo.

Mji huu unaijua njia hiyo. Mwaka 2016 filamu ya The Siege of Jadotville ilibeba jina la zamani la Likasi duniani kote. Ilihusu askari wa Ireland wa mwaka 1961, na ilipigwa Afrika Kusini. Wakaaji wa mji walibaki kuwa vumbi la nyuma ya picha.

Basi madai ni mawili. Watengenezaji wanaotumia Kiswahili na majina ya wazee wa huku wafikishe kazi yao kwenye simu za huku, halafu wakubali kupimwa na wenye lugha. Na vijana wa Panda, siku watakapoushika mchezo huu, wasiuonee haya na wasiuonee huruma. Waseme kwenye redio, kwa Kiswahili cha Katanga: hapa umeimba vizuri, hapa umepiga ovyo, rudia. Abubakar Salim aliutengeneza kwa sababu alimlilia baba yake. Anayelia kweli hahitaji wapiga makofi, anahitaji watu watakaokaa naye na kumwambia ukweli.