Moshi wa vyuma Gatwekera usioacha ushahidi

Rais Uhuru Kenyatta alipopiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu Januari 2022, hoja iliyotawala ilikuwa wizi wa vifaa vya umeme na miundomsingi mingine. Marufuku hayo yaliondolewa Mei mwaka huo huo na mizani ikarejea kazini katika mitaa kama Gatwekera, mojawapo ya vijiji vya Kibera, ambako kilo ya shaba au alumini ni chakula cha jioni. Suala la kile kinachofuka pindi bidhaa hizo zinapotiwa motoni halikupata nafasi kubwa katika mjadala huo, na halijaipata hadi leo.

Kemikali zenye florini zimesifiwa kwa muda mrefu kuwa hazidhuriki. Vilainishi vya aina hiyo hutumiwa katika satelaiti, na ndivyo vinavyopakwa juu ya visahani vya diski ngumu za kompyuta, katika utando usiozidi nanomita chache. Vikiwa peke yake, huhimili joto la takriban nyuzi 300. Lakini vikigusana na alumini, chuma au titani, uhimilivu huo hupungua. Florini inayochomoka huishambulia oksidi iliyo juu ya alumini na kuigeuza kuwa alumini floraidi, ambayo nayo ni kichocheo kikali kinachozidi kuikatakata minyororo ya kilainishi. Kwa hivyo, uharibifu ukishaanza hujichochea wenyewe.

Isidhaniwe kwamba kisahani kimoja cha kompyuta kitamwangamiza mtu. Utando wake ni mwembamba mno. Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika jamaa za kilainishi hicho: Teflon ya vikaango na ya nyaya fulani, na zaidi ya yote gesi ya friji. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, joto linalofikiwa na makaa yanayopulizwa vyema, ilhali Teflon huanza kutoa mvuke wenye madhara kabla ya nyuzi 400. Naye fundi anayechomelea bomba la shaba lenye masalio ya gesi aina ya R-134a hupitisha gesi hiyo kwenye mwali, ikavunjika na kutoa haidrojeni floraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho au mapafu huwa asidi. Gesi ya zamani ya R-22, yenye klorini pia, yaweza kutoa hata fosijeni, ile sumu iliyotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Anayevuta mvuke wa Teflon huenda asihisi lolote kwa saa kadhaa. Baadaye hutetemeka, kifua kikambana, joto likampanda, na kwa kawaida siku moja au mbili zikipita akapona. Jijini Nairobi, dalili hizo huitwa malaria au mafua, tembe zikanunuliwa, na kazi ikaendelea.

Hapa ndipo tofauti na Owino Uhuru, Mombasa, inapojitokeza. Wakazi wa mtaa huo walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri walitunukiwa fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Safari ilikuwa ndefu, lakini wakazi walikuwa na silaha moja: risasi hukaa mwilini, na damu iliweza kupimwa. Florini haina hisani hiyo. Sehemu kubwa hutoka kwa mkojo, na hata ikipimwa, visima vingi vya Nairobi vina floraidi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ni wakili gani atakayethibitisha kuwa floraidi ya mteja wake ilitoka motoni wala si kisimani?

Isitoshe, Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya 2007 humlinda mwajiriwa. Wengi wa wanaochoma nyaya na kukata friji wamejiajiri, na hawana wa kumshtaki ila wao wenyewe.

Kwa kuwa ushahidi haupatikani baada ya madhara, palipo na nafasi ya kuingilia kati ni kabla ya moto: gesi ivutwe na kuhifadhiwa kwenye mtungi kabla ya bomba kukatwa. Mapatano ya Kigali ya 2016, yanayopunguza gesi za aina ya R-134a kwa sababu ya ongezeko la joto duniani, yanaelekea huko huko, ingawa hayakuandikwa kwa ajili ya mapafu ya fundi. Tatizo ni kwamba anayelipwa kwa kilo ya shaba hapati chochote kwa gesi aliyoihifadhi, na mashine ya kuivuta hununuliwa kwa fedha ambazo hana.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawabebesha wazalishaji wajibu wa bidhaa zao hata zinapokwisha matumizi. Michango itokanayo na wajibu huo ikiishia katika vituo vikubwa vya kuchakata pekee, friji za Gatwekera zitaendelea kukatwa kwa patasi, gesi ikiwa ingali ndani.