Maua ya Pasaka Hayapandwi Juma Kuu



Wapendwa waamini, katika tafakari ya juma hili tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni bustani ya maua iliyo mbele ya kanisa letu hapa Kisongo. Tunalizungumza kwa sababu limezaa maneno mazito kati yetu, na kwa sababu waliolaumiwa hawakuwa na hatia.

Mnakumbuka mwaka ule Pasaka ilipowahi, kabla mvua za masika hazijakolea. Siku chache kabla ya sikukuu tuliagiza bustani ipandwe upya. Miche ilinunuliwa kitaluni ikiwa imekwisha kuchanua katika viriba vyake, maji yakaletwa kwa boza, nao akina mama wa jumuiya zetu wakainama juani siku mbili za Juma Kuu. Siku ya Pasaka bustani ilipendeza. Dominika ya Huruma ya Mungu ilipofika, ilikuwa imekauka. Ikasemwa kikaoni kwamba akina mama walizembea kumwagilia, nasi tuliokuwapo tukanyamaza. Leo tunasema wazi: kosa lilikuwa la wakati, na wakati ule tuliuchagua sisi.

Mche unaochanua umekwisha kuelekeza nguvu zake kwenye maua na mbegu, si kwenye mizizi. Ukiuhamisha katika hali hiyo, mizizi inajeruhiwa, na majani yanapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi iwezavyo kuyavuta. Jua la Machi na upepo wetu wenye vumbi humalizia kazi. Hata mbegu ikipandwa katika ukame na kumwagiliwa kwa kubahatisha, mmea hudumaa, ukatoa ua dogo upesi kana kwamba unaharakisha kuzaa kabla ya kufa. Wahenga walisema, mpanda ovyo hula ovyo.

Ni vema tukumbuke pia mahali tulipo. Ndugu zetu wa Tengeru na Usa River wanaishi upande wa Mlima Meru unaopokea mvua nyingi. Sisi tuko magharibi, katika kivuli cha mvua, kuelekea Monduli. Bustani ya Tengeru haiwezi kuwa kipimo cha bustani ya Kisongo. Kwetu masika huanza kwa kawaida katikati au mwishoni mwa Machi na kuishia Mei. Juni na Julai ni miezi ya baridi na mawingu, ambapo mbegu huota kwa uvivu. Kisha ukavu huendelea mpaka mvua fupi za vuli, ambazo huja Novemba na Desemba, na mara nyingine hazitoshi.

Katika nchi za mbali, saa ya ua huamuliwa zaidi na urefu wa usiku. Huko Ufaransa waamini hupeleka krisanthemamu makaburini kwa ajili ya Marehemu Wote, kwa kuwa ua hilo huchanua usiku unaporefuka, nalo huwa tayari mwanzoni mwa Novemba. Kwetu, karibu na ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki nusu saa. Ndiyo maana wanaolima krisanthemamu kibiashara katika nchi zetu huwasha taa usiku, ili mmea usiharakishe kuchanua ukiwa bado mfupi. Bustani yetu haina taa. Kwa maua tunayoyapanda sisi, saa kubwa ni mvua.

Tukiisoma saa hiyo pamoja na kalenda ya Kanisa, tunaona jambo la kufurahisha. Zinia, kosmosi na marigoldi huchukua takriban wiki nane hadi kumi tangu mbegu kuingia ardhini hadi ua kufunguka. Mbegu iliyopandwa mvua za kwanza zikishalowesha udongo kiasi cha shubiri moja haitawahi Pasaka. Lakini toka Pasaka hadi Dominika ya Ekaristi Takatifu ni wiki tisa. Watoto wetu wa Utoto Mtakatifu wanaomwaga maua mbele ya Sakramenti Kuu watayachuma hapa hapa, pasipo kununua. Na kwa kuwa Pasaka huhama kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, tupande kwa awamu mbili zinazopishana wiki tatu, tusikose.

Je, Pasaka yenyewe ibaki bila maua? La hasha. Bogenvilia hupenda jua na huchanua vizuri penye ukavu. Tuipande masika yanapoanza, ili mizizi ishuke kabla ya kiangazi. Waridi nalo, likikatwa vizuri, hutoa maua mapya baada ya wiki sita hadi nane, kwa kadiri ya joto. Sasa hesabuni: toka Jumatano ya Majivu hadi Pasaka ni siku 46, yaani wiki sita na nusu. Tukipogoa mawaridi yetu siku chache kabla ya Majivu, tutakuwa na tumaini la kuyaona yamefunguka Pasaka. Wala hatupotezi kitu, kwa maana Kanisa linatuelekeza altare isipambwe kwa maua wakati wa Kwaresima, isipokuwa Dominika ya Nne, sherehe na sikukuu. Mawaridi yenye mizizi mirefu yatatosheka na maji yaliyokwisha kutumika jikoni.

Hapa ndipo penye uzito wa neno letu. Maji ya boza tuliyoyamwaga katika Juma Kuu lile yalipita mbele ya nyumba ambazo mama alikuwa ametoka alfajiri na madumu yake, na mbele ya mifugo iliyokuwa ikisubiri mvua. Hatuamini kwamba Mfufuka alitutaka tumpambie kwa maji hayo. Bwana wetu alipotuelekeza kuyatazama maua ya kondeni, alituonyesha maua ambayo Baba huyavika kwa majira yake.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa Halmashauri ya Walei: tusipande tena kabla ya mvua, tusinunue miche iliyochanua, na mawaridi yapogolewe kila mwaka kabla ya Majivu. Na wale akina mama waombwe radhi katika kikao kile kile walikolaumiwa. Sisi tutatangulia kuomba.

Nasi wenyewe tujitazame. Mara ngapi tunawaleta vijana kwenye ndoa, na watoto kwenye Komunyo ya Kwanza, tukiwa tumeshona nguo na kualika wageni, huku mafundisho yamefanyika juma la mwisho? Tunapanda kilichochanua ili wageni waone, kisha tunashangaa kinaponyauka mapema. Tuanze mapema, wapendwa, wakati ambapo hakuna anayetutazama.

Tunawatakia Dominika njema na juma lenye baraka. Amina.