Maskini si mtoto mdogo

Kila tunapopendekeza maskini apewe fedha taslimu pasipo masharti, husikika sauti kutoka viti vya mbele: "Atazinywa!" Nasi tumewahi kuitikia kwa kichwa. Tulikosea.

Huko Rarieda, Kaunti ya Siaya nchini Kenya, kati ya mwaka 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly lilizitumia familia maskini fedha kwa M-Pesa, bila kuzipangia matumizi. Watafiti walipozifuatilia, matumizi ya pombe na tumbaku hayakuwa yameongezeka. Kilichoongezeka ni chakula, mifugo na nyumba za mabati. Na mwenye bati haimlazimu tena kulipia nyasi mpya za kuezekea.

Mwenye shamba la mizabibu alimlipa kibarua wa saa ya mwisho dinari nzima, wala hakumwuliza ataitumiaje. Sisi ni nani hata tumchagulie jirani nguo chakavu, kisha tudai shukrani? Mama mwenye watoto wenye njaa aijua bei ya unga kuliko kamati yetu. Tumpe, tena tumwamini. Sadaka iliyochanganyika na dharau bado haijawa sadaka.

Tumsifu Yesu Kristo.