Mtihani wa moko na masihara ya sebuleni

 

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia neno moja la Kiingereza ambalo kila nyumba yenye mwanafunzi wa sekondari inalijua. Neno hilo ni "mock", nasi katika Kiswahili tumelifanya moko. Tunalizungumzia kwa sababu ya jambo tulilolishuhudia kwa macho yetu, na ambalo hatukulikataza tulipokuwa na uwezo wa kulikataza.

Tulialikwa chakula cha mchana kwa ndugu yetu mmoja baada ya sala ya Ijumaa. Mwanawe, kijana wa kidato cha nne, alikuwa ameleta matokeo ya mtihani wa moko, na matokeo hayo hayakuwa mazuri. Tulipokwisha kunawa mikono, baba akamwita: "Profesa, hebu njoo uwasomee wazee alama zako." Kijana akasimama mbele ya wageni akasoma somo moja baada ya jingine, na kila alama ilipotajwa baba aliitilia neno la kuchekesha, sebule nzima ikacheka. Sisi nasi tulicheka. Alipofika kwenye hesabu sauti yake haikusikika tena, akaikunja karatasi na kwenda kukusanya sahani.

Jioni alitusindikiza hadi kituoni. Tulipokuwa tukisubiri gari akasema: "Ami, nimelitazama neno moko katika kamusi ya Kiingereza. Kumbe maana yake ni kumcheka mtu kwa dharau." Hatukuwa na jibu, gari likaja, tukapanda.

Kijana yule hakukosea. Neno hilo liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, yapata karne ya 15, na maana yake ilikuwa kudhihaki. Baadaye likapata maana ya kumwigiza mtu, kwani anayedhihaki mara nyingi huiga mwendo na sauti ya anayedhihakiwa. Kutokana na kuiga, likaja kuwa na maana ya kitu cha kuigiza, kisicho chenyewe hasa. Huko Amerika yuko ndege mwenye jina lililotokana na neno hilo kwa sababu huiga milio ya ndege wengine. Na mtihani wa moko ukaitwa hivyo kwa kuwa ni mfano wa mtihani wa taifa, wala si mtihani wa taifa wenyewe. Shule zetu zililipokea neno kwa maana hiyo ya mwisho tu, nayo ni maana njema: mwanafunzi ajipime mapema, aone palipopungua, apate muda wa kuparekebisha. Maana ya kwanza haikuletwa na shule. Siku ile tuliileta sisi wenyewe, ndani ya nyumba, mbele ya sinia la pilau.

Siku chache baadaye tulimwendea yule baba tukamweleza kwamba mwanawe ameumia. Akashangaa, akasema: "Nilikuwa nafanya masihara tu." Hapa pana neno jingine la kuzingatiwa. Masihara tumelipata kutoka Kiarabu, katika neno maskhara, na asili yake ni moja na kitenzi kilichomo katika Suratul Hujurat, aya ya 11, pale Mwenyezi Mungu (S.W.) anapowakataza wanaume wasiwadharau wanaume wenzao, wala wanawake wasiwadharau wanawake wenzao, kwa kuwa huenda wanaochekwa ni bora kuliko wanaocheka. Aya hiyo hiyo inakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Nasi tulimwita "Profesa" mtoto aliyeshindwa mtihani. Kwa hiyo neno ambalo katika Kiswahili tumelilainisha hata likawa udhuru, katika asili yake ndilo linalotaja kosa lenyewe.

Udhuru huo nao si mpya. Katika Suratut Tawba, aya ya 65, tunaelezwa habari za watu waliofanya stihizai, na walipoulizwa wakajitetea kwamba walikuwa wakipiga porojo na kucheza tu. Wale walimdhihaki Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na kosa lao ni kubwa mno, halilinganishwi na hili letu. Lakini tunajifunza kwamba kusema "nilikuwa natania" hakulifuti neno lililokwisha kutamkwa.

Wapo watakaosema kwamba sisi watu wa pwani na bara tumekulia katika utani, na kwamba Uislamu haukuharamisha kucheka. Ni kweli. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akitania, ila hakusema isipokuwa kweli. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akaambiwa kwamba atapandishwa juu ya mtoto wa ngamia jike. Yule bwana akashangaa atafanya nini na mtoto wa ngamia, naye Mtume akamuuliza kama kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia jike. Tuitazame hadithi hii vyema. Aliyetaniwa aliahidiwa kipando alichokihitaji, na kicheko hicho hakikumpunguzia heshima yake. Mtoto wetu alirudi jikoni na nini?

Ama utani wa makabila yetu, una kanuni yake inayojulikana: mtani hutania naye hutaniwa. Mnyamwezi akimtania Mzaramo, Mzaramo ana haki ya kumjibu papo hapo, tena msibani, wala hapana wa kukasirika. Mtoto hana haki hiyo kwa baba yake. Akijibu ataambiwa hana adabu, akinyamaza watu wataendelea kucheka. Panapokuwa na mmoja anayesema na mwingine asiyeruhusiwa kujibu, utani umekwisha kuondoka, na kilichobaki ni dhihaka.

Imepokewa pia kwamba Abdullahi bin Mas'ud (R.A.) alipanda mti, upepo ukaifunua miguu yake, nayo ilikuwa myembamba. Baadhi ya Masahaba wakacheka. Mtume (S.A.W.) akawauliza wanacheka nini, kisha akawaeleza kwamba miguu ile katika mizani ya Akhera ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Hakumwacha mtu wake asimame peke yake katikati ya vicheko. Hivyo ndivyo ilivyotupasa kufanya sisi wageni siku ile. Mmoja wetu angesema tu, "Mwache mtoto akae ale," ingetosha.

Hatusemi kwamba mzazi asikasirike matokeo yanapokuwa mabaya. Ana haki ya kuuliza, kukemea na hata kumnyima mtoto mchezo mpaka asome. Lakini tunaomba mambo matatu. La kwanza, matokeo yazungumzwe faraghani, baba au mama na mwanawe, karatasi ikiwa mezani, swali likiwa ni wapi amekwama na nani wa kumsaidia. Moko imewekwa kwa ajili hiyo, na baina yake na mtihani wa taifa bado kuna muda. La pili, tuyaache majina ya kejeli, tusimwite mvivu "injinia" wala mwenye kigugumizi "shekhe wa hotuba". La tatu, tusiwapige picha za video watoto wetu wanapolia au wanapokosea na kuzisambaza katika simu za jamaa ili wacheke. Zamani kicheko kiliishia sebuleni, leo hakijulikani kitaishia wapi.

Sisi tumekwisha kwenda kumwomba radhi kijana yule. Alitusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Yameisha, Ami," kwa adabu ambayo hatukuistahiki. Baba yake hajamwomba radhi mpaka tunapoandika haya. Anaona haya, kwa kuwa hakuzoea kumwomba radhi aliyemzaa. Tunamwombea Mwenyezi Mungu amfungulie moyo kabla mtihani wa taifa haujafika, na tunawaombea wazazi wote walio katika hali kama yake, nasi tukiwamo.