Kipya Kisichodumu

Watu wa Ngomeni, kwenye pwani ya kaunti ya Kilifi, na majirani zao hawakuanza jana kupenda vitu vipya. Kusini kidogo, pale Mambrui, lipo kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya kauri ya Kichina, na huko Gede, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba magofu mwaka 1948, kauri za namna hiyo zilipatikana kwa wingi pamoja na shanga za ng'ambo. Waliozinunua walizipenda kwa uzuri wake, na bila shaka pia kwa kuwa si kila mtu alikuwa nazo. Katika karne ya 19 mfanyabiashara wa msafara aliyebeba shanga zilizopitwa na wakati alirudi na hasara, na viwanda vya nguo vya Salem, Massachusetts, na baadaye vya Bombay, vililazimika kufuata matakwa ya wateja wa Afrika Mashariki. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt amelieleza jambo hili kwa kirefu. Anayedai kwamba tamaa ya kipya tumeletewa juzi na matangazo ya televisheni anawapunja wazee wetu, waliochagua, wakakataa na kuagiza kwa macho yao wenyewe.

Lakini yale mabakuli ya Mambrui yalijengewa ukutani ili vizazi viyaone. Hata leso, ambayo michoro na majina yake hubadilika kila siku, haina mwisho wa haraka: ikichujuka hubebea mtoto, kisha hulaza mgonjwa, kisha hupangusa meza. Upya wa zamani uliingia nyumbani ukakaa. Wa leo umepangiwa siku ya kuondoka kabla haujatoka kiwandani, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1924 kampuni kubwa za taa za umeme zilikutana Geneva zikaunda umoja ulioitwa Phoebus, zikakubaliana kwamba balbu isiwake zaidi ya saa 1,000 ilhali ufundi wa kuzifanya zidumu zaidi ulikuwepo, na aliyezidisha alitozwa faini. Umoja ule ulikufa, mawazo yake yakabaki. Tazama simu ya mkononi. Betri imegandishwa kwa gundi, kipuri hakipatikani, na programu huacha kuboreshwa wakati chombo chenyewe bado kizima. Mnunuzi aliyekopeshwa anaendelea kulipa kidogo kidogo kila siku, akichelewa simu hufungwa, na pengine deni halijaisha mtindo mwingine umeshatangazwa.

Gharama yenyewe huonekana wazi zaidi mahali pasipo na duka kubwa hata moja. Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kando ya ghuba ya Ungwana, kimezungukwa na mikoko na mashamba ya chumvi. Bahari huwaletea wakazi chupa, vifuniko, ndala na vipande vya nyavu ambavyo wengi wao hawakuvinunua, na takataka hizo hunasa kwenye mizizi ya mikoko, pale pale samaki na kamba wadogo wanapojificha wakue. Hapa mfano wa zana za uvuvi ni muhimu. Lema lililosukwa kwa fito likipotea baharini huoza. Wavu wa nailoni ukipotea huendelea kuvua miaka na miaka, na samaki wanaofia ndani yake hawamfai mtu. Wavu huo ulikuja ukiwa kitu kipya, mwepesi na wa bei nafuu, na mvuvi hakukosea kuutaka. Bei aliyotajiwa dukani ndiyo haikuwa kamili. Na si nyavu tu: duniani kote, vifaa vya umeme vilivyotupwa mwaka 2022 vilikadiriwa na Umoja wa Mataifa kufikia tani milioni 62, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Kuna pingamizi zito ambalo sitaki kulipita. Wapo watakaosema kwamba kumhubiria kiasi mtu asiye na friji ni dharau, na kwamba matatizo ya kaunti ya Kilifi yametokana na kukosa, si kuzidisha. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Mvuvi anahitaji barafu, mashine ya boti na simu ya kuulizia bei ya samaki Malindi. Ila maskini ndiye anayeumizwa zaidi na kitu kisichodumu, kwa sababu tajiri hununua kingine na yeye huuza mbuzi. Kudai bidhaa idumu ni kutetea mfuko wake. Wengine watataja ajira: viwanda vikiuza kidogo, watu watakosa kazi. Kazi za viwanda vya simu haziko hapa jirani, Gongoni wala Marereni. Zilizoko kwetu ni za fundi wa simu, mshona nyavu, fundi cherehani na mtia kalafati, na hizo ndizo zinazokufa kitu kinapoundwa kisifunguke. Mitumba nayo huongezea nguo maisha ya pili, lakini wachuuzi wenyewe wanajua idadi ya nguo za kutupwa tu wanazozikuta ndani ya robota.

Kenya imeonyesha kwamba sheria inaweza kubadili mazoea. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, na soko halikufungwa. Huko Lamu, mafundi wa majahazi waliunda jahazi liitwalo Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, zikiwemo ndala zipatazo 30,000, na mwaka 2019 chombo hicho kikasafiri hadi Zanzibar. Ni kazi ya kuheshimiwa, ingawa hakuna jahazi litakalomaliza kilichotupwa kama bomba halijafungwa. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inamtaka mtengenezaji abebe wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Tunaitaka serikali iitekeleze kwa waagizaji wakubwa kwanza, na ilazimishe vipuri viuzwe pamoja na chombo. Nawe msomaji, kabla hujalipa, muulize muuzaji maswali mawili: kikiharibika kitatengenezwa wapi, na kipuri chake ni bei gani? Akishindwa kujibu, mrudishie kitu chake.