Kompyuta Zetu Zahamia Wapi? Mfumo Endeshi na Hatima ya Istilahi za Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii hutumiwa kumkemea mvivu anayetafuta kisingizio cha kutoingia shambani. Hata hivyo, yako mashamba ambamo kuchagua jembe ni sehemu ya kilimo chenyewe, na shamba la kompyuta ni mojawapo. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Tangu siku hiyo, kila mwenye kompyuta inayotumia mfumo huo, awe ofisini, shuleni au kibandani, amekabiliwa na swali ambalo hakuliuliza yeye: je, abaki alipo, anunue mashine nyingine, au ahamie mfumo mwingine?

Makala haya yanalitazama swali hilo kwa kuanzia katika miji ya Kitengela na Kajiado nchini Kenya, kisha yanaligeuza upande wa lugha. Hoja yake kuu ni kwamba kuhamia programu huria kunafaa, lakini kutakuwa kuhama mikono mitupu iwapo wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili hawataibeba kazi ya lugha inayoandamana na uhamiaji huo.

Kitengela ni mji uliokua kwa kasi kando ya barabara ya Namanga, jirani na eneo la viwanda la Athi River. Wakazi wake wametoka pembe zote za nchi, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Mkazi asiye na kompyuta nyumbani hufanyia shughuli zake nyingi za kiserikali katika saiba. Huko ndiko huombea mkopo wa HELB, ndiko huchagulia kozi ya chuo kupitia KUCCPS, ndiko huwasilishia marejesho ya kodi ya KRA kabla ya siku ya mwisho, 30 Juni, na ndiko huombea cheti cha tabia njema kupitia eCitizen. Mjini Kajiado, makao makuu ya kaunti, hali ni iyo hiyo. Mfugaji aliyesafiri kutoka mbali humkabidhi mhudumu nambari ya kitambulisho na nywila yake, kwa kuwa hana njia nyingine. Kwa hiyo mfumo endeshi usiopata tena viraka vya usalama haumhatarishi mwenye saiba peke yake. Unamhatarisha pia mteja ambaye hata jina la mfumo huo halijui.

Njia ya kwanza ni kupanda hadi Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021. Mfumo huu huhitaji kompyuta yenye kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na kichakataji kilichomo katika orodha ya Microsoft, na orodha hiyo huwaacha nje wengi wa vichakataji vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane. Saiba nyingi hutumia kompyuta za mitumba zilizoletwa kutoka ng'ambo baada ya kutumika maofisini huko. Mashine ya namna hiyo huwaka, huandika, huchapisha na kufungua tovuti bila taabu. Haijaharibika, imekataliwa tu. Microsoft ilitoa nyongeza ya mwaka mmoja wa viraka, hadi Oktoba 2026, kwa watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha. Nyongeza hiyo ni ahueni, lakini huahirisha uamuzi bila kuuondoa.

Njia ya pili ni kuhamia Linux. Kiini cha mfumo huu kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na matoleo yake kama Ubuntu, lililoanza mwaka 2004, hupatikana bila malipo. Kinyume cha inavyodhaniwa, Linux si mgeni Kajiado. Simu za Android, zilizojaa mifukoni mwa wenyeji, zimejengwa juu ya kiini hicho hicho. Anayetaka kuujaribu mfumo anaweza kuuwasha kutoka kwenye kidude cha flashi bila kufuta chochote katika kompyuta yake. Huduma nyingi za saiba nazo hufanyika ndani ya kivinjari, na kivinjari cha Firefox hakibadiliki sura sana kikiwa juu ya Windows au juu ya Linux. Hata iTax, uliowasumbua wengi kwa fomu zake za kujazwa nje ya mtandao, ulikuja kutoa fomu hizo kwa miundo miwili: ule wa Excel na ule wa ODS unaofunguliwa kwa programu huria.

Pingamizi zipo, na si haki kuzipuuza. Mteja huleta barua iliyopangwa kwa Word, na ikifunguliwa kwa LibreOffice jedwali husogea au fonti hubadilika. Yapo machapa na maskana ambayo watengenezaji wake hawakuyaandalia viendeshi vya Linux. Vyuo vidogo vinavyofundisha kompyuta hufundisha Word na Excel kwa majina yake, na mwanafunzi hutafuta cheti chenye majina hayo kwa sababu mwajiri huyataja. Isitoshe, wapo wanaotumia nakala za Windows zisizo na leseni. Kwa hao hoja kwamba Linux ni ya bure haina uzito, kwa maana hata sasa hawalipi kitu. Mwenye saiba anayepata riziki yake siku kwa siku hawezi kufunga duka wiki nzima ajifunze mfumo mpya. Ushauri wa busara kwake ni kuhama kwa hatua: mashine moja ijaribiwe kwanza, chapa na skana zipimwe, na kompyuta moja yenye Windows inayopata viraka ibakizwe kwa kazi zisizowezekana kwingine.

Hadi hapa suala linaonekana kuwa la mafundi na wafanyabiashara. Linaingiaje katika kurasa za Kiswahili? Linaingia kwa sababu mfumo endeshi ni mkusanyiko wa maelfu ya maneno: fungua, hifadhi, futa, tafuta, onyo, ruhusa. Anayeumiliki mfumo ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya maneno hayo.

Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye kiolesura cha Kiswahili. Katika miaka hiyo hiyo Microsoft nayo ilitayarisha vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office. Wakereketwa wa lugha walishangilia, na walikuwa na sababu: lugha iliyodaiwa kutoweza kubeba sayansi ilikuwa imeonekana kwenye kiwambo. Hata hivyo, ni nadra leo kuingia saiba ya Kitengela na kukuta kompyuta inayomsemesha mteja kwa Kiswahili, iwe ya Windows au ya Linux.

Sababu moja ni kwamba istilahi zilibuniwa mbali na kaunta. Wataalamu walibishana kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta, kuhusu puku na kipanya, ilhali mhudumu na mteja waliendelea kusema mausi, kusevu na kuprinti. Sababu nyingine ni kwamba tafsiri iliyokamilika mara moja haikamiliki milele. Programu hubadilika kila mwaka, menyu mpya huongezwa, na tafsiri isiyo na mlezi huachwa nyuma hadi kiolesura kinakuwa nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Mtumiaji anayekutana na mchanganyiko huo hurudi kwenye Kiingereza, na hawezi kulaumiwa.

Hapa ndipo tofauti ya mifumo hii miwili inapodhihirika. Neno baya likiwa ndani ya Windows, msomi wa Kiswahili anaweza kulalamika, lakini mwenye kalamu ni Microsoft. Neno baya likiwa ndani ya LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, msomi yuyo huyo anaweza kujiunga na watafsiri na kulirekebisha, na sahihisho likikubaliwa litamfikia kila mtumiaji wa toleo litakalofuata. Programu huria humpa Mswahili shamba. Haimlimii. Mfumo uliofungwa hulimiwa na mwenyewe, kwa wakati na kwa mbegu azitakazo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na nduguye huyu hata si ndugu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha hasara ya kuwaachia wengine. Katika Windows 10, kifurushi cha lugha yetu kilitambulishwa kuwa Kiswahili cha Kenya. Katika LibreOffice, lugha hiyo hiyo imetambulishwa kuwa Kiswahili cha Tanzania. Barabara inayopita Kitengela na Kajiado hufika Namanga, mpakani, na msafiri anayevuka huendelea kuzungumza na wenzake bila mkalimani. Katika kompyuta, lugha imegawika mpakani hapo, bila umma wa wasemaji wake kuulizwa.

Kiswahili si mgeni wa kuhama. Kwa karne kadhaa kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na muswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ni miongoni mwa ushahidi. Hati za Kilatini ziliposhika hatamu wakati wa wamishenari na wakoloni, na Kiunguja kilipoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji, kisha Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930, wasomi na washairi wa pwani hawakupewa nafasi iliyowastahili. Manung'uniko ya wenye Kimvita na Kiamu yaliendelea kwa miongo mingi. Tungo nyingi nazo zilibaki katika hati ambazo kizazi kilichofuata hakikufundishwa kuzisoma, zikawangoja watu wachache wenye subira wa kuzinukuu upya. Uhamiaji huo unafunza mambo mawili. Kwanza, wasiokuwapo wakati wa kuamua hulipa gharama kwa muda mrefu. Pili, maandishi hayahami yenyewe. Lazima awepo wa kuyahamisha. Mwanafunzi anayehifadhi tasnifu yake na mahojiano ya nyanjani katika muundo wa faili unaomilikiwa na kampuni moja ameiweka kazi yake chini ya hiari ya kampuni hiyo. Muundo wa ODF, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, upo kwa ajili ya kupunguza hatari hiyo.

Basi kifanyike nini? Kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili chuoni kiilee programu moja huria, ndogo ikibidi, na kuhakikisha kwamba tafsiri yake inaendana na kila toleo jipya. Idara za Kiswahili ziikubali kazi hiyo kuwa mradi halali wa somo la tafsiri, badala ya kuwapa wanafunzi kila mwaka matini zile zile zinazoishia kabatini. Istilahi zipimwe kaunta kabla ya kupitishwa: mwanafunzi aende saiba ya Kitengela au ya Kajiado, asikilize mhudumu anavyomwelekeza mteja, na neno lililokwisha kukubalika lisitupwe kwa kuwa tu lina asili ya kigeni. Wakenya na Watanzania waketi pamoja katika orodha moja ya maneno. Vyama vya wanafunzi vinavyovuka mipaka tayari vipo. Kinachokosekana ni kazi ya pamoja.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo unamfaa nini mfugaji wa Kajiado iwapo kompyuta inayoshika kodi yake na kitambulisho chake humwonya kwa lugha asiyoielewa? Onyo kwamba nywila imeibwa halina faida kwa asiyeweza kulisoma. Windows 11 nayo itafika kikomo chake kama zilivyofika zilizoitangulia, na wenye saiba watakaa tena kupiga hesabu za mashine. Wapenzi wa Kiswahili wanaweza kuanza sasa kazi ambayo haihitaji kusubiri tangazo la kampuni yoyote, ili siku hiyo mwenye kuamua kuhama akute huko aendako maneno ya lugha yake yakimngoja.